Chama Kinapofunga Baraza Lake Wakati wa Vita

Miongoni mwa majaribu yanayompata mtu aliyetoa umri wake kwa chama cha siasa, hakuna lililo zito kuliko kukiona chama hicho, katika saa ya vita, kikitenda kinyume cha yale ambayo kwa miaka mingi kiliyafundisha, ilhali yeye mwenyewe hana nguvu ya kukizuia wala moyo wa kukiacha. Uadui wa wapinzani amekwisha kuuzoea, na hasara ya uchaguzi anajua namna ya kuistahimili. Lakini huzuni ya kusimama katika safu zake mwenyewe na kujiona mgeni haina matanga wala mkono wa pole, kwa kuwa wenzake waliosimama kulia na kushoto aghalabu huihesabu kuwa ni hiana. Wengi waliolitazama jambo hili wameuona mzizi wake katika vita vyenyewe, wakasema kwamba chama kilikuwa cha amani kikawa cha vita, na imani ikavunjika hapo. Sababu hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Nikizipitia tarikhi za vyama vilivyopatwa na mtihani huu, naona kwamba mwanachama huweza kuvumilia njaa, msiba, hata uamuzi alioupinga kwa kauli yake yote, maadamu amebakishiwa mahali pa kusimama na kuuliza. Na kwamba kinachomvunja moyo hasa ni viongozi kuufanya wakati wa vita kuwa udhuru wa kulifunga baraza la chama.

Kisa kilicho kipana kuliko vyote ni cha chama cha Kisoshalisti cha Ujerumani, SPD. Chama hicho kilipigwa marufuku kwa sheria kuanzia mwaka 1878 hadi 1890, wafuasi wake wakafungwa na kuhamishwa, kisha kikatoka katika dhiki hiyo kikiwa na nguvu kuliko kilivyoingia. Katika uchaguzi wa mwaka 1912 kilipata zaidi ya theluthi moja ya kura zote na viti 110 kati ya 397 vya Reichstag, Bunge la Dola. Na kufikia mwaka 1914 wanachama wake walikuwa wamepita milioni moja. Kilikuwa na magazeti yake, maktaba zake, shule yake mjini Berlin, vyama vya kuimba na vya michezo, hata mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuishi tangu ujana mpaka kaburini akizungukwa na ndugu wa chama. Mtu wa namna hiyo hakujiunga na chama kama anavyokata tikiti ya safari. Chama kilikuwa nyumba yake, na mafundisho ya nyumba hiyo, yaliyothibitishwa katika mikutano ya kimataifa ya Stuttgart mwaka 1907 na Basel mwaka 1912, yalikuwa kwamba wafanyakazi wa mataifa yote ni ndugu na kwamba ni wajibu wao kuvizuia vita.

Hofu iliyowaingia viongozi wa chama hicho mwaka 1914 haieleweki vyema asipokumbuka mtu yaliyowapata mwaka 1907, na hapo Afrika imo ndani ya habari hii tangu mwanzo. Katika koloni la Afrika ya Kusini Magharibi, nchi tunayoiita leo Namibia, Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero mnamo Oktoba 1904. Na huku kwetu mwaka uliofuata vikaanza vita vya Maji Maji. Serikali ilipoomba mamilioni zaidi ya marki kwa ajili ya vita vya kusini, wabunge wa SPD, pamoja na chama cha Wakatoliki, walikataa, na Bunge likavunjwa Desemba 1906. Uchaguzi wa Januari 1907 ukapiganwa kwa tuhuma moja: kwamba wasoshalisti ni watu wasio na nchi. Jumla ya kura zao haikupungua, lakini viti vyao vilianguka kutoka 81 hadi 43. Walikuwa wamesema haki juu ya damu ya Waafrika na wakaadhibiwa kwayo, na wako miongoni mwa viongozi wao walioichukua adhabu ile kuwa somo: kwamba wakati wa vita chama kisithubutu kusimama upande wa pili wa bendera.

Mnamo tarehe 25 Julai 1914 kamati kuu ya chama ilitoa tamko kali la kupinga vita, na siku zilizofuata halaiki ya watu wakajaa barabarani katika miji mikubwa. Siku tisa baadaye, tarehe 3 Agosti, wabunge wa chama walikutana faraghani kuamua kama wataidhinisha mkopo wa marki bilioni tano wa kugharimia vita. Sabini na wanane wakakubali, kumi na wanne wakakataa. Miongoni mwa hao kumi na wanne alikuwamo Hugo Haase, mmoja wa wenyeviti wawili wa chama, wakili kutoka Königsberg, mtu mpole aliyewatetea wengi mahakamani. Na kwa kuwa desturi ilitaka chama kiwe na sauti moja, akalazimishwa na nafasi yake kusimama Bungeni kesho yake na kuisoma ikirari aliyokuwa ameipinga, kwamba chama hakitaitupa nchi yake katika saa ya hatari. Sijui habari katika tarikhi ya vyama yenye kutia simanzi kuliko hii. Nidhamu ndiyo iliyokuwa kamba ya chama hicho, kama kamba za usumba zilivyoshona mbao za mtepe pasipo msumari hata mmoja. Na sasa kamba hiyohiyo ikawafunga mabaharia mikono.

Haifai kuwahukumu wale sabini na wanane kana kwamba wote walikuwa waoga. Waliiogopa Urusi ya Tsar, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Ludwig Frank, mbunge kijana na mwenye kipaji, aliyefanya juhudi kubwa ya kuwapatanisha wabunge wa Ujerumani na wa Ufaransa, alijitolea kwenda mstari wa mbele na akauawa mwanzo wa Septemba 1914. Friedrich Ebert, mwenyekiti wa pili, alipoteza wana wawili katika vita hivyo mwaka 1917. Watu waliolipa thamani hiyo hawastahili kuitwa wanafiki, na mwenye insafu ataona kwamba uamuzi wa tarehe 4 Agosti, hata kama ulikuwa kosa, na mimi naamini ulikuwa kosa, ulifanywa na watu walioamini kwamba wanailinda nyumba yao isichomwe.

Kosa lisilo na udhuru lilikuja baada ya hapo. Kaizari alikuwa ametangaza kwamba havijui tena vyama, anawajua Wajerumani tu. Vyama vya wafanyakazi vikaahidi kutogoma. Na sulhu hiyo ya ndani, ambayo matajiri hawakuilipia kitu, ikageuzwa kuwa sheria ndani ya chama chenyewe. Mkutano mkuu uliokuwa ufanyike mwaka ule wa 1914 ukafutwa. Mwaka 1915 haukuitishwa, wala 1916. Ule uliofuata baada ya mkutano wa Jena wa mwaka 1913 ulikuja kufanyika Würzburg mnamo Oktoba 1917. Miaka minne nzima, na hiyo ndiyo miaka ambayo maelfu kwa maelfu ya wanachama walizikwa katika udongo wa Ufaransa na wa Poland, chama kikubwa kuliko vyote vya wafanyakazi duniani hakikuwauliza wenyewe katika mkutano wao mkuu kama bado wanaridhia. Je, mwanachama wa Hamburg au wa Leipzig, mwenye mwana vitani na mkate wa kupimiwa nyumbani, angeuliza wapi? Gazetini kulikuwa na udhibiti wa jeshi, mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha jemadari wa mkoa, na katika chama chake aliambiwa asubiri mpaka amani.

Karl Liebknecht hakusubiri. Naye pia, kwa ajili ya nidhamu, alikuwa ameinua mkono pamoja na wenzake tarehe 4 Agosti; lakini mkopo wa pili ulipoletwa tarehe 2 Desemba 1914, alibaki ameketi peke yake katika ukumbi mzima, na maelezo yake ya maandishi hayakuruhusiwa kuingia katika kumbukumbu za Bunge. Mwanzoni mwa 1915 aliitwa jeshini, ingawa alikuwa mbunge mwenye umri wa zaidi ya miaka arubaini. Rosa Luxemburg, aliyefundisha katika shule ya chama, alitiwa gerezani Februari mwaka huohuo. Majina haya mawili yanajulikana kote, na ni halali yajulikane. Lakini mwenye kutaka kuifahamu huzuni ninayoieleza atajifunza mengi zaidi kwa Eduard Bernstein, ambaye hakuwa shujaa wala mwenye kelele.

Bernstein alikuwa mzee wa chama, mpatanishi kwa tabia, ambaye kwa miaka karibu ishirini alikuwa amegombana na Karl Kautsky, mwalimu mkuu wa itikadi, juu ya njia ya kuufikia ujamaa. Mwaka 1914 Bernstein alikubali mkopo wa vita kwa kuwa aliamini vilikuwa vya kujihami. Kisha akaanza kusoma nyaraka, akatazama yaliyofanywa Ubelgiji, akawasikia wenye viwanda, waliomwandikia Kansela mwaka 1915 kudai ardhi za jirani, na shaka ikamwingia kidogo kidogo mpaka ikawa yakini: chama kilikuwa kimetoa ridhaa kwa vita vya namna moja, na sasa ridhaa hiyohiyo ilikuwa ikitumiwa kwa vita vya namna nyingine. Mnamo Juni 1915 alitia sahihi yake, pamoja na Haase na yule Kautsky hasimu wake wa zamani, katika waraka uliochapishwa Leipzig kukitaka chama kikatae vita vya kuteka nchi za watu. Wanachama wengi katika kila chama ni wa namna ya Bernstein. Hawaasi siku ya kwanza; hukubali kwa nia njema, kisha husubiri waulizwe tena pale mambo yatakapobadilika, na wasipoulizwa ndipo moyo hutoka.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kwa haraka. Desemba 1915 wabunge ishirini wa SPD walipiga kura ya hapana hadharani. Liebknecht akatolewa katika kundi la wabunge Januari 1916, na Machi mwaka uleule, Haase alipoisema bajeti ya serikali Bungeni kwa kauli yake mwenyewe, zomeo kubwa kuliko yote likatoka kwa wabunge wa chama chake, na yeye na wenzake wakafukuzwa katika kundi hilo siku ileile. Lakini nadhani tendo lililowachoma wanachama wa kawaida kuliko haya ni lile la Oktoba 1916. Gazeti la Vorwärts, lililokuwa mikononi mwa wahariri waliokubaliana na upinzani wa Berlin, lilipigwa marufuku na mamlaka ya kijeshi, kisha likaruhusiwa kutoka tena chini ya uongozi uliowekwa na kamati kuu ya chama. Viongozi wa wafanyakazi walikuwa wamepokea kutoka mkononi mwa jeshi la Kaizari silaha ya kuwanyamazishia ndugu zao. Hapo hapakuwa tena na ikhtilafu ya rai. Palikuwa na dhuluma, na mzee wa Berlin aliyelilipia gazeti lile kwa senti zake tangu zama za marufuku aliijua dhuluma anapoiona.

Aprili 1917, katika mji wa Gotha, waliofukuzwa wakaunda chama chao, USPD, na ndani yake wakaingia Haase, Kautsky, Bernstein, na wafuasi wa Liebknecht na Luxemburg, watu ambao wasingekaa meza moja kama baraza la zamani lingekuwa wazi. Na linalouma zaidi ni kwamba miezi mitatu tu baadaye, Julai 1917, SPD yenyewe iliungana na vyama vingine viwili Bungeni kupitisha azimio la amani isiyo ya kunyakua ardhi, ambalo kwa maana yake halikuwa mbali na waraka wa Juni 1915. Walioadhibiwa walikuwa wamekosea tarehe tu. Lakini hakuna aliyewaita warudi, na ufa uliobaki ukaja kujaa damu: Januari 1919 Liebknecht na Luxemburg waliuawa na askari wa kujitolea waliotumiwa na serikali ya wasoshalisti wenzao wa zamani, naye Haase alipigwa risasi mbele ya jengo la Bunge mwaka huohuo akafa Novemba. Mabaki ya USPD yalirudi SPD mwaka 1922, yakiwa machache, na wafanyakazi wa Ujerumani hawakupata tena kuwa na nyumba moja.

Uingereza ilipatwa na mtihani uleule siku zilezile, na matokeo yakawa mengine. Ramsay MacDonald, kiongozi wa wabunge wa chama cha Labour, alijiuzulu tarehe 5 Agosti 1914 kwa kuwa wenzake waliamua kuunga mkono vita, na Arthur Henderson akashika nafasi yake. MacDonald alitukanwa magazetini kwa miaka minne na akapoteza kiti chake cha Leicester mwaka 1918. Lakini chama hakikumfukuza. Labour kilijengwa kama shirikisho la jumuiya mbalimbali, kila moja ikiwa na mkutano wake na sauti yake, hata waliopinga vita na walioviunga mkono waliweza kukutana Bristol Januari 1916, wakabishana waziwazi, wakapiga kura, na walioshindwa wakaenda nyumbani wakiwa bado ni wanachama. Henderson mwenyewe alitoka katika baraza la vita la serikali Agosti 1917 akiwa amekwisha kubadilika. Chama kilibaki kimoja, na Januari 1924 kikaunda serikali yake ya kwanza, waziri mkuu akiwa MacDonald na Henderson akiwa waziri chini yake. Sisemi kwamba Waingereza walikuwa na dhamiri safi kuliko Wajerumani. Nasema kwamba mlango wao haukufungwa.

Juu ya Wademokrati wa Marekani katika vita vya Vietnam sitasema mengi, kwa kuwa ni habari inayojulikana. Maseneta wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening, wote wa chama cha Rais Johnson, ndio waliokataa azimio la Ghuba ya Tonkin mwaka 1964. Miaka minne baadaye Eugene McCarthy alipata asilimia 42 katika kura za mchujo za New Hampshire, na kabla ya mwezi kwisha Johnson akatangaza kwamba hatagombea tena. Ilionekana kana kwamba wanachama wameulizwa na wamejibu. Lakini mkutano wa Chicago mwezi Agosti ulimteua Hubert Humphrey, ambaye hakuwa ameshindana katika mchujo wowote, na ukalikataa pendekezo la amani huku polisi wakiwapiga vijana nje. Kilichowaudhi vijana wale, zaidi ya kushindwa, ni kugundua kwamba kura waliyopewa haikuwa na uzito waliouahidiwa, na ushahidi wa hilo ni kwamba baada ya uchaguzi chama kililazimika kuzibadilisha kanuni za kuwapata wajumbe wake.

Yote haya yalikuwa mambo ya vyama katika nchi kubwa. Lakini lipo swali ambalo msomaji wa huku atakuwa amekwisha kuliuliza: je, chama kinachopigania uhuru, kisicho na nchi ya kukutania, kinachowindwa na adui mwenye ndege na majasusi, nacho kinaweza kudaiwa baraza? Narudi Namibia, kwa sababu huko ndiko jibu lilikotafutwa kwa machozi. Chama cha SWAPO kilianza mapambano ya silaha Agosti 1966, na mkutano wake uliojenga upya safu zake ulifanyika Tanga, kuanzia Desemba 1969 hadi Januari 1970. Utawala wa kidikteta wa Ureno ulipoanguka mwaka 1974 na mpaka wa Angola ukalegea, maelfu ya vijana waliotoka nyumbani walivuka kwenda Zambia kujiunga na mapambano. Walikuta kambi zenye upungufu wa chakula na silaha, wakawa na tuhuma juu ya viongozi, na dai lao kubwa, pamoja na askari wengi, likawa hili: uitishwe mkutano mkuu, kwa kuwa wakati wake umepita tangu ule wa Tanga.

Jibu lilikuja Aprili 1976. Jeshi la Zambia liliwakamata wale walioongoza dai hilo, akiwamo Andreas Shipanga, katibu wa habari wa chama, na zaidi ya wapiganaji elfu moja wakawekwa kambini chini ya ulinzi. Shauri la Shipanga na wenzake lilipopelekwa mahakamani Zambia, walihamishiwa Tanzania, nao wakakaa kizuizini hapa petu hadi mwaka 1978. Mimi ni miongoni mwa wanaoona fahari kwa yale ambayo Tanzania ilitoa kwa ajili ya ukombozi wa kusini, na fahari hiyo ndiyo inayonilazimisha kusema kwamba katika jambo hili nchi yetu iliazimwa kuwa jela ya watu ambao taksiri yao ilikuwa kudai mkutano. Hoja ya viongozi ilikuwa kwamba adui amepenyeza majasusi, na ni kweli adui alikuwa nao. Shambulio la jeshi la Afrika Kusini juu ya kambi ya Cassinga, Angola, la Mei 1978 lilionyesha ukatili wake. Lakini pale ambapo kuuliza kumekwisha kuhesabiwa kuwa ni ujasusi, hakuna tena njia ya kumtambua jasusi wa kweli. Katika miaka ya 1980 mamia ya wanachama walifungiwa katika mashimo karibu na Lubango, kusini mwa Angola, wakateswa mpaka wakakiri ya uongo. Walionusurika walirudi nyumbani mwaka 1989 wakionyesha makovu yao, na wapo ambao jamaa zao hawajaonyeshwa kaburi.

Mwanachama mmoja mmoja afanye nini basi? Wako wanaosema aondoke mara tu dhamiri inapomsuta, na wako wanaosema avumilie mpaka amani. Naona kila upande umeshika nusu. Anayeondoka mapema mno huwaachia chama wale ambao hawakuona tashwishi yoyote. Anayengoja amani huenda akaikuta amani haina chama cha kurudia. Haase alikaa, akasema, akafukuzwa, na sioni ambalo angefanya zaidi kwa heshima, ila labda kuukataa ule usomaji wa tarehe 4 Agosti na kumwachia mwingine aliyeuamini. Mtu akae maadamu anaweza kusema na kusikiwa. Siku atakapotakiwa aseme asiyoyaamini, au awanyamazishe wenzake, siku hiyo hana chama tena, hata kama kadi ingali mfukoni mwake.

Lakini mzigo huu usitupwe wote juu ya mtu mmoja na dhamiri yake. Katiba za vyama vyetu huandikwa wakati wa amani, na wakati huo ndio wa kuandika ndani yake kwamba vita haviahirishi mkutano mkuu, kwamba mjumbe hatafukuzwa kwa kauli aliyoitoa kikaoni, na kwamba hakuna kamati itakayoomba msaada wa jeshi au wa polisi katika ubishi wa wanachama. Nawaomba wenye kadi za vyama hivyo, wa chama tawala na wa upinzani sawasawa, wazifungue katiba zao wazisome kwa jicho hili, na pale wasipokuta vifungu hivyo wavidai sasa, kabla haijafika siku ambapo kuvidai kutaitwa uhaini.